Jinsi ya kutengeneza kalenda yako ya majira: mwembe, kumbikumbi na mbayuwayu

Muulize mtu yeyote hapa Dar mvua za vuli zinaanza lini, atakwambia Oktoba. Muulize mwaka jana zilianza tarehe ngapi, kimya, na mwembe wa nyumbani kwake ulitoa ua la kwanza lini ndo kabisaa hajui. Kalenda ya majira ni kuandika tarehe kama hizo kila mwaka, nayo haitaki hela, unahitaji daftari, kalamu na simu ya kupigia picha basi.

Usianze na miti ishirini, utachoka wiki ya pili. Chukua vitu vitatu vinne unavyovipita kila siku ila vinavyoamshwa na mambo tofauti, hapo ndo utamu ulipo. Mwembe unaamshwa na baridi na ukavu wa kipupwe, ndo maana huku Pwani unachanua kuanzia Juni mpaka Agosti wakati mvua hata haijulikani iko wapi. Kumbikumbi wanasubiri mvua iloweshe ardhi. Mbayuwayu wa Ulaya yeye anaondoka kwao siku zikianza kuwa fupi, hajui wala hajali kama huku kumenyesha, anafika Septemba au Oktoba na Machi-Aprili anarudi zake. Kwahiyo mwaka ambao vuli imechelewa utaona kumbikumbi nao wamechelewa lakini mbayuwayu ameshajipanga kwenye nyaya za umeme kama kawaida. Mimea yetu mingi inasikiliza mvua zaidi kuliko urefu wa mchana, maana hapa Dar mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa havipishani hata saa moja.

Sasa kuandika. Mwembe ni uleule kila mwaka, ufunge kitambaa usije ukauchanganya. Uzunguke wote kwasababu mara nyingi unachanua upande mmoja kwanza, halafu shika shada ulisogeze machoni: maua ambayo hayajafunguka ni vipunje tu, yaliyofunguka yana petali ndogo zimejikunja nje na utakuta vinzi vinahangaika hapo. Andika tarehe ya vitumba, ua la kwanza kufunguka, nusu ya mti kuchanua, embe saizi ya punje ya maharage, na embe la kwanza kuiva. Na siku uliyoenda ukakuta hakuna kitu iandike pia, tafadhali usiiruke, maana bila hiyo huwezi kujua ua lilifunguka jana au lina wiki nzima.

Kumbikumbi ni rahisi, hata kama ulilala mapema asubuhi angalia chini ya taa ya nje, mbawa zitakuwa zimejaa pale (wenyewe, kuku wameshawamaliza). Mbayuwayu ndo ana usumbufu kidogo kwasababu tuna wa kwetu wanaoshinda hapa mwaka mzima. Mgeni ana koo jekundu la kutu na mkanda mweusi chini yake, ukiona koo jeupe huyo siye.

Mvua pima kwa kopo lenye pande zilizonyooka, liweke mahali wazi mbali na paa na miti, kila asubuhi muda uleule chovya rula usome milimita kisha umwage.

Usinakili kalenda ya mtu wa Dodoma, wao wana msimu mmoja wa mvua na sisi tuna vuli na masika. Miaka miwili pia haitoshi kusema tabianchi imebadilika, na mwaka wa El Nino kama 1997 au 2023 uwekee alama pembeni usije ukaukosesha wastani wako. Ila faida nyingine huzisubirii miaka: mfugaji nyuki anajua lini mizinga iwe imeshatundikwa kabla maua hayajaanza, na mwenye mikorosho anajua lini aanze kuikagua machipukizi na maua mapya ili salfa, dawa ya ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga), iwe stoo tayari, siyo aanze kuitafuta dukani wakati maua yameshapata weupe.