Kutafuta diski ya neva na makula katika picha za retina

Anayeandaa programu ya kusoma picha za retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) katika kliniki ya kisukari hapa Moshi aanze kwa kutenga chaneli ya kijani, yaani rangi ya kijani peke yake kati ya tatu zinazounda picha, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha mishipa ya damu kwa uwazi kuliko nyekundu na bluu. Diski ya neva, yaani mahali neva ya jicho inapoungana na retina, isitafutwe kwa mng'ao peke yake, maana madoa ya manjano ya mafuta kwenye jicho la mgonjwa wa kisukari nayo hung'aa, nami nimeshuhudia programu ikiyazungushia duara bila wasiwasi wowote. Ni salama zaidi kufuata mishipa minene hadi inapokutana. Diski ikishapatikana, makula, yaani sehemu ya retina inayoona kwa ukali zaidi, itafutwe upande wa sikio, umbali wa takriban vipenyo 2.5 vya diski, chini kidogo ya usawa wa kitovu chake, penye weusi na pasipo mishipa.