Namna ya kuhakiki habari za setilaiti ya China "kuifukuza" ya Marekani, au kinyume chake

Kabla hujaamini au kusambaza habari kwamba setilaiti ya upande mmoja imeinyemelea ya upande mwingine, ipime. Kikokotoo, intaneti na nusu saa vinatosha.

Anza na namba ya usajili ya kila chombo. Moduli ya Tianhe, kwa mfano, ambayo ndiyo kitovu cha kituo cha anga cha China, ni 48274. Habari isiyotaja jina kamili wala tarehe haipimiki, iache hapo hapo. Ukishapata namba, ingia tovuti ya CelesTrak au Space-Track (hii ya pili inataka ujisajili, ila ni bure) uchukue mistari miwili ya takwimu za obiti, yaani njia ya chombo kuizunguka Dunia.

Kwenye mstari wa kwanza, angalia tarehe kwanza. 24123.5 ni siku ya 123 ya mwaka 2024, yaani Mei 2, saa sita mchana kwa saa za UTC. Takwimu hizi huchakaa haraka: kwa setilaiti za chini hukosea kama kilomita moja zikiwa mpya, na kosa huongezeka kila siku. Chombo kikishawasha injini, mistari ya jana haina kazi tena. Kwa hiyo anayedai kuwa vyombo viwili vilipishana kwa mita 500 kwa kutegemea mistari hii peke yake, anadai kitu ambacho takwimu zake haziwezi kubeba.

Mstari wa pili ndio wenye jibu. Namba ya mwisho, kabla ya hesabu ya mizunguko tangu kurushwa, ni mizunguko kwa siku. Iite n. Gawanya 42,241 kwa n iliyopandishwa kwa kipeo cha 2/3, kisha toa 6,378: umepata kimo cha wastani kwa kilomita. Tianhe ikiwa na n ya 15.6, jibu ni kama 388.

Kimo kulingana hakutoshi, na hapa ndipo wengi hupotea. Linganisha pia mwinamo, yaani jinsi obiti ilivyoinama kutoka ikweta (Tianhe ni kama nyuzi 41.5), na pembe inayofuata, inayoonyesha obiti inavuka ikweta upande gani. Zote mbili zikikaribiana sana, vyombo viko kwenye bapa moja, yaani obiti zao zimelala sawa, na ufukuzaji unawezekana. Zikipishana kwa nyuzi nyingi, hapo kuna njia panda tu: vimevukana kwa mwendo wa kilomita kadhaa kwa sekunde na kila kimoja kikaenda zake. Kugeuza bapa kwa nyuzi 1 tu katika kimo hicho kunadai badiliko la mwendo la kama mita 134 kwa sekunde, na mafuta ya namna hiyo hayachezewi. Angalizo: pembe hiyo ya ikweta husogea yenyewe, kwa Tianhe kama nyuzi 6 kila siku. Ukilinganisha mistari iliyopishana siku tatu, utaona tofauti ya nyuzi 18 isiyokuwepo.

Juu kabisa, kwenye kimo cha kilomita 35,786, hesabu hubadilika. Chombo chenye n ya 1.0027 hubaki juu ya sehemu ileile ya ikweta. Chenye 1.0127 huteleza nyuzi 3.6 kwa siku kuelekea mashariki, kama kilomita 280 chini ya wenzake, kinapita tu. Cha kutiliwa maanani ni kile kilichokuwa kikiteleza kisha kikasimama kando ya kingine. Shijian-21 ya China ilifanya zaidi ya hapo: Januari 2022 iliikokota setilaiti mfu ya Beidou, mfumo wa China wa kuonyesha mahali, hadi obiti ya makaburi, zinakotupwa setilaiti zilizokufa. Ni kazi ya usafi, lakini mkono unaoweza kukokota mfu unaweza kukokota hai, na ndiyo maana wanajeshi wa Marekani waliifuatilia kwa karibu.

Sasa jambo ambalo wasomaji wengi hawaambiwi: daftari hili la obiti, unakotoa mistari yako, linaandikwa na jeshi la Marekani, ambalo ni mmoja wa washindani. Obiti za vyombo vyake vya siri, ikiwemo X-37B, ndege ya anga isiyo na rubani, halizitangazi. Nyingi hupatikana kwa watazamaji wa kujitolea wenye darubini. Ukitegemea orodha hiyo peke yake, utaona China ikizunguka-zunguka na Marekani ikiwa imetulia. Picha hiyo ni ya daftari, si ya anga.

Habari ikihusu kombora, uliza kimo cha mlipuko. Januari 2007 China iliivunja kwa kombora Fengyun-1C, setilaiti yake yenyewe ya hali ya hewa, kwenye kimo cha kilomita 865 hivi, na vipande zaidi ya 3,000 vikaorodheshwa. Vingi bado viko juu. Februari 2008 Marekani iliipiga USA-193, setilaiti yake yenyewe ya upelelezi, kwenye kilomita 247 hivi, na mabaki karibu yote yaliungua hewani ndani ya miezi michache. Vipande vya Fengyun vinatambulika kwa alama inayoanza na 1999-025, mwaka na namba ya urushaji wake.

Ukisoma kwamba mkataba wa anga za juu wa 1967 umevunjwa, kumbuka unachokataza kwenye obiti ni silaha za nyuklia na nyingine za maangamizi makubwa. Kunyemelea setilaiti ya jirani hakumo.