Hesabu moja, mashine mbili: kuisaka `nan` kwenye Raspberry Pi

Programu yenyewe ni ya C, niliiandikia kikundi cha wafugaji huku Bahati, Nakuru. Hujumlisha kilo za maziwa na kupiga hesabu ya mtawanyiko, ili mizani ikianza kucheza tujue mapema. Kwenye laptopu yangu ya x86-64 (prosesa za aina ya Intel na AMD) haikuwahi kusumbua. Nilipoikompaili kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya prosesa ya ARM, yenye Linux ya biti 64, mfugaji aliyeleta maziwa siku moja tu akaandikiwa `nan` ("not a number", yaani jibu si namba).

Hatua ya 1. Achana na `%f`, ile ya kuchapisha desimali. Hukata tarakimu za mwisho, na ugomvi uko hukohuko. Chapisha kila thamani ya kati kwa `%a`, inayoonyesha biti zote, endesha mashine zote mbili, kisha linganisha kwa `diff`. Shughulika na mstari wa kwanza unaotofautiana tu. Wangu ulikuwa huu:

`v = sq/n - m*m;`

Hapo `v` ni mtawanyiko, `sq` jumla ya miraba ya vipimo, `n` idadi yake na `m` wastani. Laptopu ilitoa sifuri kamili. Pi ilitoa namba hasi ndogo ajabu, na programu ikitafuta kipeuo cha pili (square root) cha hasi, jibu ndilo hiyo `nan`.

Hatua ya 2. Kompaili kwa `-O0`, yaani bila kompaila kuboresha kodi. Tofauti ikipotea, kompaila ina mkono wake. (Kuna wanaoishia hapa na kuiacha `-O0`. Hiyo ni kumeza Panadol tu.)

Hatua ya 3. Tazama bainari, yaani amri za mashine zilizotokana na kodi yako:

`objdump -d maziwa | grep -E 'fn?m(add|sub)'`

Ukiona `fmsub`, umempata mshukiwa. ARM ya biti 64 ina amri inayozidisha na kutoa kwa mkupuo, ikikadiria (rounding) mara moja tu mwishoni, na kompaila ya GCC huitumia bila kuulizwa. x86-64 ya msingi haina amri hiyo; ukiweka `-march=native` (tumia amri zote za prosesa hii) kwenye prosesa mpya, laptopu nayo itaugua. Kwa siku moja ya maziwa, laptopu hukadiria `m*m` hadi biti 53, ikalingana na `sq`, ikabaki sifuri. Pi hutoa `m*m` nzima kutoka kwa `sq` iliyokwisha kukadiriwa. Kinachobaki ni kosa la kukadiria lenyewe. Yaani Pi ndiyo iliyokuwa makini zaidi!

Hatua ya 4. Ongeza `-ffp-contract=off`, inayoikataza kompaila kuunganisha kuzidisha na kutoa. `nan` itaondoka, lakini fomula bado ni mbovu: huondoa namba moja kutoka kwa nyingine inayokaribiana nayo mno. Tumia njia ya Welford ya 1962, `x` ikiwa kila kipimo kwa zamu, `m` na `s` zikianza na 0, na `n` ikiwa 1 kwa kipimo cha kwanza:

`d = x - m; m += d/n; s += d*(x - m);`

Mtawanyiko ni `s/n`.

Kwenye x86 ya biti 32 mshukiwa ni mwingine, rejista za x87 (sehemu ya zamani ya prosesa ya kupiga hesabu za desimali) zenye biti 80. Hapo jaribu `-msse2 -mfpmath=sse`, ili hesabu zifanywe na amri za SSE, kisha urudie `diff`.