Somo: Bushi za amu ya chini, kaza nati gari likiwa chini

Bushi ya mpira ina bomba la chuma la nje lililobanwa ndani ya amu (mkono wa chuma unaounganisha tairi na bodi), bomba la ndani linalopitisha boliti, na mpira ulioshikishwa kiwandani kwenye yote mawili. Bomba la ndani halizunguki. Boliti ikishakazwa, limekamatwa kabisa. Amu ikipanda na kushuka, ni mpira wenyewe unaojinyonga na kurudi, kama shingo inayogeuka mabega yakiwa yametulia.

1. Legeza nati za tairi, inua gari, weka stendi, toa tairi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

2. Fungua linki ya stabilaiza (kijiti cha chuma cha ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) kama imeshika amu, kisha boljointi (kiungo cha duara kwenye ncha ya amu upande wa tairi), kisha boliti za amu.

3. Kabla ya kuitoa bushi, weka alama kwenye amu jinsi ilivyokaa. Nyingi zina matundu kwenye mpira, na matundu yana upande wake: mpira unakuwa laini kumeza kishindo cha shimo, na mgumu kuzuia gari lisiyumbe. Ukiigeuza, umevuruga vyote viwili.

4. Toa na uingize kwa presi, ukisukuma bomba la nje tu. Ukisukuma la ndani unauchana mpira kabla gari halijatembea. Safisha kutu kwenye tundu. Ikigoma, paka maji ya sabuni. Oili na grisi ya kawaida huvimbisha mpira.

5. Rudisha amu, boliti zishike tu, usizikaze. Funga tairi, shusha gari, lisukume mbele na nyuma, libonyeze mara mbili tatu likae. Sasa kaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo.

Hatua hii ndiyo inayorukwa gereji nyingi, na inaniuma kuona mtu analipa mara mbili. Gari likiwa juu amu inaning'inia. Ukikaza hapo, mpira unashika mninginio kama mapumziko yake. Ukishusha gari, unabaki umenyongwa hata likiwa limeegeshwa. Huo hauchukui muda kuchanika. Kama mkono haufiki gari likiwa chini, weka jeki chini ya amu karibu na boljointi, uinue mpaka gari lianze kuachia stendi, ndipo ukaze.

6. Peleka gari likapimwe alaimenti, yaani mkao wa tairi.

Maswali ya wanachama

– Fundi, za kazi? Bushi zangu zilikazwa gari likiwa juu, wiki iliyopita. Ninunue nyingine?

Njema, kaka. Zikague kwanza. Kama mpira haujachanika, shusha gari, legeza boliti, libonyeze likae, kaza upya.

– Shikamoo fundi. Nikiweka za polyurethane, zile za plastiki ngumu, si zitadumu zaidi?

Marahaba, mwanangu. Nyingi ya hizo bomba la ndani huzunguka, kwa hiyo zinataka grisi ya silikoni, na mtetemo wa barabara utausikia zaidi. Kwa gari la familia mimi nafunga mpira.

– Nimeona nyufa ndogo juu ya mpira. Nibadilishe?

Nyufa za juu juu si kesi, dada. Chomeka nondo kati ya amu na bodi, sukuma taratibu. Mpira ukiachana na chuma, au amu ikicheza na kugonga, badilisha kulia na kushoto pamoja. Na kama bushi yako ni ya majimaji, ukiona imevuja usisubiri nondo.