Kabla ya kuhamisha akiba yako ya pensheni

Ukiacha kazi hapa Nairobi, usiharakishe kutia sahihi fomu ya kuhamisha akiba yako kutoka mpango wa pensheni wa mwajiri kwenda mpango wa mtu binafsi, hata kama wakala anakupigia simu kila siku. Waombe kwanza wadhamini wa mpango wa zamani, yaani wale wanaousimamia kwa niaba ya wanachama, taarifa ya akaunti yako, inayoonyesha michango yako, ya mwajiri na faida iliyopatikana, kisha uulize kila upande unatoza ada gani kwa mwaka. Hapa ndipo watu wengi hupoteza bila kujua: tofauti ya asilimia 1 tu, ikikatwa kwenye salio lote kila mwaka kwa miaka 25, hula takribani sehemu moja ya tano ya fedha ambazo ungestaafu nazo. Faida ya mwaka mmoja haitoshi kulinganisha. Tazama angalau miaka mitano.

Hakikisha pia kwamba mpango mpya umesajiliwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, ambayo ofisi zake ziko Upper Hill katika jumba la Rahimtulla. Ukiamua kuhama, fedha zitoke mpango mmoja hadi mwingine moja kwa moja, kwa kuwa uhamisho kati ya mipango iliyosajiliwa haukatwi kodi, ilhali ukizichukua mkononi kabla ya umri wa kustaafu huenda zikatozwa. Binafsi, ningebaki kwenye mpango wa zamani iwapo ada zake ni nafuu na wadhamini wanajibu barua.