Kabla ya kufunga begi: Krismasi kwenye Devon ya riwaya za upelelezi

Msomaji wa riwaya za upelelezi anapopanga likizo ya Desemba kwenda kusini-magharibi mwa Uingereza, huanza na orodha ya vitabu: kisiwa kile, jumba lile, kinamasi kile. Vitabu viwekwe pembeni kwanza. Huko Devon wakati wa baridi, mambo matatu ndiyo yanayoamua utaona nini: kalenda ya sikukuu, maji ya bahari na saa ya jua kuzama.

Viza. Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya mgeni. Ombi linaruhusiwa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua wiki tatu tangu kutoa alama za vidole. Wa Desemba aombe Septemba, maana Novemba wengine wote wanaomba. Mwenye pasi ya Oman, ya nchi nyingi za Ulaya au ya Marekani haombi viza, ila lazima apate kibali cha kielektroniki kabla ya kupanda ndege.

Bima ya afya, usibishane nayo. Mgeni wa muda akilazwa hospitali ya umma Uingereza hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida.

Plagi: wa Kenya, Tanzania na Uganda hawahitaji chochote, soketi ni zilezile za pini tatu bapa. Wa Bujumbura, Kigali na Bukavu wabebe adapta.

Sasa kalenda. Tarehe 25 Desemba treni za Uingereza hazitembei. Si kwamba zinapungua, hazipo. Mabasi nayo karibu yote yamelala, na treni za chini ya ardhi za London zimefungwa. Tarehe 24 safari za mwisho huondoka mapema jioni, na tarehe 26 njia nyingi bado zimekufa. Kisha kati ya 27 na mwaka mpya mafundi wa reli hutumia upungufu wa abiria kufumua njia kubwa, na kipande kimoja unaweza kukuta unapandishwa basi. Kwa hiyo fika Torquay au Plymouth, miji ya pwani ya Devon, si zaidi ya tarehe 23, na usipange ndege ya kurudi tarehe 26 asubuhi huku umelala kilomita 300 kutoka Heathrow. Tiketi za bei nafuu kwa kawaida hufunguliwa kama wiki 12 kabla, lakini za siku za sikukuu mara nyingi huchelewa. Angalia kila wiki, usinunue ya bei ya juu kwa wasiwasi.

Njia yenyewe ina jambo lake. Baada ya Exeter reli hupita Dawlish ikiwa imeshikana na bahari, mawimbi yakipiga ukuta chini ya madirisha. Februari 2014 dhoruba ilibomoa ukuta huo na treni zikakatika kwa miezi miwili. Umejengwa ukuta mpya mrefu zaidi, hata hivyo siku ya upepo mkali safari hufutwa, hasa za aina ya treni zenye vifaa vya umeme juu ya paa, kwa sababu maji ya chumvi yakivirukia hupiga shoti. Ukiona onyo la dhoruba, safiri siku moja kabla.

Chakula cha tarehe 25. Sheria ya 2004 inafunga karibu maduka yote ya England na Wales yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 280 siku hiyo. Vinabaki viduka vya pembeni na baadhi ya vituo vya mafuta, na si vyote. Mikahawa inayofungua huwa imejaa tangu Oktoba na hudai fedha yote mbele. Nunua chakula cha siku mbili tarehe 24 kabla ya saa kumi jioni, na upange malazi yenye jiko.

Kuhusu milango iliyofungwa. Greenway, nyumba ya mapumziko ambayo Agatha Christie, malkia wa riwaya za upelelezi, aliinunua mwaka 1938 juu ya mto Dart, ndiyo kila mtu anaitaka, na ndiyo inayowaliza wengi. Majira ya baridi nyumba huwa imefungwa au hufunguliwa siku chache za Desemba tu. Maegesho lazima yawekwe nafasi mapema, na boti za mtoni hupungua. Soma tarehe zenyewe kwenye tovuti ya shirika la National Trust linaloitunza, usisome ya mwaka jana. Ikiwa imefungwa, Torquay inatosha siku nzima: ndiko alikozaliwa 1890, jumba la makumbusho la mji lina chumba chake, sanamu yake iko karibu na bandari, na Grand Hotel iliyo hatua chache kutoka stesheni ndiyo aliyolala usiku wa harusi yake, mkesha wa Krismasi wa 1914. Kumbuka tu kwamba makumbusho nayo yana sikukuu zake.

Burgh Island, kile kisiwa kilichompa Christie picha ya kisiwa cha mauaji katika riwaya ya And Then There Were None, kiko mita 250 hivi kutoka ufuko wa Bigbury-on-Sea. Mtu wa Pwani asihitaji somo refu hapa: maji yakipwa unatembea mchangani, yakijaa ni kisiwa. Lakini hata mtu wa Pwani hudanganyika, kwa kuwa mchanga ule ni ulimi kati ya maji mawili. Bahari haiji mbele yako kama ufukweni. Inazunguka kisiwa pande zote mbili na kukutana katikati, nyuma ya mgongo wako. Chukua jedwali la maji la siku hiyohiyo, kwa maana saa husogea kama dakika 50 kila siku: yakipwa kabisa saa nne asubuhi leo, kesho ni karibu saa tano kasoro dakika kumi. Vuka ndani ya saa mbili kabla ya kupwa kabisa na uwe umerudi ndani ya saa mbili baada yake. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji hukimbia zaidi. Na jedwali halijui hali ya hewa: kila milibari moja ya kanieneo inaposhuka, bahari hupanda kama sentimita moja, hivyo dhoruba ya milibari 980 huongeza thelathini na zaidi, bado upepo wa kusini-magharibi haujasukuma. Ile trekta ndefu inayovusha watu juu ya maji ni ya hoteli ya kisiwani. Usiihesabu kama daladala.

Na ukienda kwa gari, kataa njia ya mkato ambayo simu itakupa kutoka Aveton Gifford. Barabara ile inapita kando ya mto na hufunikwa maji yakijaa, magari kwa magari yamezimika humo.

Gari lenyewe: leseni ya nyumbani inakubalika hadi miezi 12, na wanaendesha kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda. Omba otomatiki mapema kama hujazoea gia za mkono. Njia za vijijini zina upana wa gari moja na kuta za michongoma pande zote, kwa hiyo jua kurudi rivasi mita hamsini bila kutoka jasho. Asubuhi kuna utando wa barafu usioonekana kwenye lami, hasa chini ya miti na juu ya madaraja. Huko Dartmoor, nyika ya juu katikati ya Devon, farasi wadogo na kondoo hulala barabarani, na wakati wa baridi huja kulamba chumvi iliyomwagwa kuyeyusha barafu. Kikomo ni maili 40 kwa saa. Usiku hata hizo ni nyingi.

Hapa ndipo pa kusimama, kwa sababu Dartmoor ndiyo inayowaumiza wasomaji.

Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, alifika Princetown, mji mdogo wa Dartmoor, mwaka 1901 akitafuta mahali pa riwaya yake The Hound of the Baskervilles, akalala katika Duchy Hotel, ambayo jengo lake bado lipo katikati ya mji, karibu na gereza. Kinamasi cha Fox Tor Mires, kusini-mashariki mwa mji, ndicho kinachohesabiwa kuwa asili ya kile cha kitabuni kinachomeza farasi. Mzunguko maarufu ni wa kilomita 10 hivi: unatoka Princetown kwa njia ya mawe kuelekea kusini kupitia kilele cha mawe cha South Hessary Tor, kilomita nne hadi nyumba ya upweke ya Nun's Cross na msalaba wa kale wa matale, unakata kaskazini-mashariki kandokando ya mfereji wa maji wa Devonport hadi Whiteworks, palipokuwa na machimbo ya bati, kisha unarudi mjini kwa barabara ya lami.

Mambo huharibika hivi. Mtu amefika kwa basi, amekula, amepiga picha, anaanza kutembea saa saba mchana. Kilomita 10 kwa mwendo wa nne kwa saa ni saa mbili na nusu; jua linazama yapata saa kumi na robo; hesabu inaonekana ina akiba. Lakini mwendo wa nne ni wa barabarani. Kwenye mboji iliyoloa unapata mbili na nusu, tatu ukiwa hodari. Princetown iko zaidi ya mita 400 juu ya bahari, na kule wingu halipiti juu, linakaa chini. Kwenye saa tisa, akiwa Nun's Cross, ukungu unashuka na vilele vya mawe alivyokuwa akivitumia kama alama vinapotea kimoja kimoja. Jinzi imeloa magotini. Simu iliyokuwa na asilimia 40 inazimika, maana betri hupoteza nguvu kwenye baridi, na ramani ilikuwa humo. Kisha ukungu unafunguka kidogo na anaona Whiteworks ng'ambo, karibu kabisa. Anaacha mfereji na kukata moja kwa moja.

Katikati ndiyo kinamasi chenyewe. Pale penye kijani kizuri kuliko kote, cha kung'aa kama mpunga mchanga, ndipo pabaya: ni kuvumwani inayoelea juu ya maji. Mguu unazama hadi pajani, kiatu kinashikwa na mvuto wa tope. Kinyume cha kitabu, tope halimmezi mtu mzima. Linamshika, na baridi inafanya iliyobaki. Mtu aliyeloa kwenye nyuzi tatu na upepo huanza kutetemeka, kisha vidole vinakataa kufungua zipu, kisha akili inaanza kuamua vibaya. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, hali ni mbaya zaidi, si nafuu. Ukizama, usipige mateke. Egemea nyuma, tandaza mikono, lala kifudifudi au chali ili uzito usambae, toa mguu mmoja polepole na ujiburute kurudi ulikotoka, siyo mbele. Ukingoni mwa kinamasi hichohicho kuna kaburi la mawe linaloitwa Childe's Tomb, la mwindaji ambaye hekaya inasema alimchinja farasi wake na kuingia tumboni akijikinga na theluji, akafa vilevile.

Dawa yake ni ndogo na ya bei rahisi. Anza saa nne asubuhi, na saa saba na nusu, popote ulipo, geuka. Ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, namba OL28, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na dira unayojua kuitumia. Usiuache mfereji: ukiwa kwenye ukungu yafuate maji yale hadi Whiteworks, hata kama ng'ambo panaonekana karibu. Taa ya kichwani, siyo ya simu, na betri za akiba. Suruali na koti la mvua, sweta la sufu, glovu jozi mbili, chupa ya chai, kitu cha sukari. Jinzi ibaki hotelini. Filimbi: mipulizo sita kwa dakika, pumzika dakika moja, rudia. Piga 999 na uombe polisi, kisha waokoaji wa milimani. Ukiwa na laini ya Uingereza, tuma neno "register" kwenda 999 ukiwa bado mjini, ili siku mtandao ukiwa hafifu uweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi. Mwachie mwenye nyumba karatasi yenye njia na saa ya kurudi, na ukirudi mwambie umerudi, usije ukawatoa watu usiku bure.

Asiyetaka hayo yote aende Hound Tor karibu na Manaton. Maegesho yako dakika kumi kutoka miambani, na miamba yenyewe inatisha vya kutosha. Wanaopenda upande wa kaskazini wa Dartmoor waangalie kwanza ratiba ya jeshi ya kufyatua risasi. Bendera nyekundu mchana au taa nyekundu usiku maana yake usiingie.

Mabasi ya Princetown ni machache, ya Jumapili usiyahesabu, na ya mwisho huondoka mapema. Ratiba zote huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 16:10 ni saa kumi na dakika kumi jioni, jua liko karibu kuzama. Weka nakala ya pasi kando na pasi yenyewe. Dawa za kila siku ziwe kwenye begi la mkononi, za wiki moja zaidi. Kadi mbili za benki, kwenye mifuko miwili. Soma utabiri wa hali ya hewa asubuhi, siyo wa jana usiku, na ukisema upepo mkali pwani, usisogee ukutani kupiga picha ya wimbi. Viatu vikaushwe mbali na hita, vikijazwa magazeti, vinginevyo ngozi itapasuka na kesho yake utatembea na miguu iliyoloa.