Kabla Hujawauzia Majirani Intaneti

Umefungiwa faiba, inakutosha na kubaki, sasa unataka kusimamisha antena juu ya paa uwauzie majirani. Sawa, ila pitia haya kwanza.

Leseni: waulize wasimamizi wa mawasiliano, Tanzania ni TCRA, Kenya ni CA. Soma na mkataba wa faiba yako, maana mingi inakataza kuuza tena.

Umeme ukikatika wateja watakupigia wewe. Weka betri ya akiba.

Kwenye masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, basi. Fundi akikwambia ameweka 3 kwa sababu "haina mtu", airudishe. Chaneli zinazofuatana, kama 3 na 4, zimeachana megahezi 5 tu, na kila kifaa kinakula kama 20, kwa hiyo utasumbuana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja.

Mteja mwenye mawimbi hafifu mkatalie, au mfungie antena ya maana. Yeye hurusha polepole, na muda wote huo wengine wamenyamaza wakimsubiri.

Sasa hili ndilo linalofilisi watu. Jamaa yangu alifunga antena kwenye mnara wa tangi la maji, na kila mteja akampa ya sahani inayoutazama mnara. Asubuhi alipima mteja mmoja mmoja, spidi safi. Ikifika saa mbili usiku, simu mfululizo: video imeganda, WhatsApp inazunguka tu. Akanunua kifurushi kikubwa zaidi. Akabadilisha ruta. Akaongeza nguvu ya kurusha. Wapi! Watu wakaanza kumrudishia vifaa.

Faiba haikuwa na kosa. Kifaa cha Wi-Fi husikiliza hewa kabla ya kurusha. Kikisikia mwingine, hungoja. Lakini mteja wa kusini na wa mashariki wametenganishwa na maghorofa na miembe, na sahani zao zimeelekea mnarani. Kila mmoja anasikia kimya, wote wanarusha, na mawimbi yanagongana pale juu. Anayerusha hajui kama yamegongana. Anachoona ni kwamba hajajibiwa, basi anarudia. Wateja wakiwa wengi, marudio ndiyo yanayojaza hewa.

Hawaii walipitia haya mwaka 1971, kwenye mtandao wa redio wa ALOHA ulioongozwa na Norman Abramson. Kila kituo kilirusha bila kusikiliza, kisichojibiwa kinarudia. Hesabu zilionyesha kwamba kwa mtindo ule unapata kama asilimia 18 tu ya uwezo wa chaneli. Wateja wasiosikiana wanakusogeza huko huko.

Kwa hiyo washa RTS/CTS kwenye vifaa vya wateja: kifaa kinaomba nafasi kwa ujumbe mfupi, mnara unajibu, na jibu la mnara wote wanalisikia. Mfukoni ukiwa vizuri, nunua vifaa vya TDMA, ambavyo mnara ndio unaogawa zamu. Viwe vya kampuni moja, kwa kawaida vya kampuni tofauti havielewani kwa mtindo huo, na simu haziungi humo moja kwa moja. Ukipima, wape wateja wawili wa pande tofauti wapandishe video kwa wakati mmoja. Kipimo cha mmoja mmoja kitakudanganya.

Mengine: kebo ya nje iwe ya nje kweli, ile ya ndani jua huipasua. Nguzo ifungwe waya wa ethi, kuna radi. Badilisha nywila iliyokuja na kifaa. Angalia miti, mwembe ulio chini ya sahani leo utaiziba baadaye. Wa mkopo waandike daftarini. Na usipande paa limelowa.